Kabati la kitambaa na vikapu vya Iringa: tathmini kwa mpangaji asiye na muda

Kabati la nguo la kitambaa, lile linalouzwa likiwa limekunjwa ndani ya boksi na kuunganishwa nyumbani kwa mabomba membamba ya chuma, ni miongoni mwa fanicha za kwanza ambazo mpangaji wa Dar es Salaam hununua akishapata kitanda na jiko la gesi. Nimelitumia masika na vuli katika nyumba ya chumba na sebule yenye watu wazima wawili na mtoto wa shule, nyumba ambayo wenyewe hutoka alfajiri kuwahi mwendokasi na kurejea taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikiwa imeshaanza. Hukumu yangu naitoa mapema ili asiye na nafasi ya kusoma yote aondoke nayo: kabati lenyewe linastahili bei yake, zipu zake hazistahili, na kwa vitu vyote visivyotundikwa, kikapu kisicho na kifuniko hulishinda kwa mbali.

Kigezo ninachotumia si umbo wala rangi, bali hatua ambazo kifaa humdai mtu aliyechoka kabla hakijapokea kitu kimoja. Nguo inayovuliwa saa tatu usiku ina mahali pawili pa kwenda: ndani ya kabati, au juu ya kiti cha plastiki kilicho kando ya kitanda, na kiti hakina zipu. Ndiyo maana katika nyumba nyingi kiti hicho hakikaliwi tena. Kimebeba suruali iliyovaliwa mara moja, gauni lililobadilishwa dakika ya mwisho, sweta ya mtoto na taulo yenye unyevu. Wenye nyumba hizo hulalamika kwamba nafasi ni finyu, ilhali nafasi mara nyingi ipo, ila hakuna kifaa kinachopokea kitu kwa tendo moja la mkono.

Nilichagua kabati la vyumba viwili, lenye upana wa sentimeta 105 na kimo cha sentimeta 170 hivi, ambalo nililipa Sh 65,000 Kariakoo baada ya kupatana. Boksi lake ni jepesi kiasi cha kubebwa kwa bodaboda, jambo lisilowezekana kwa kabati la mbao, ambalo hudai kirikuu, vibarua na mabishano kwenye kona ya ngazi. Kuliunganisha ni kazi ya jioni moja kwa watu wawili wenye subira. Karatasi ya maelekezo haina maneno ya kumfaa mtu, ina michoro tu, lakini mantiki yake ni nyepesi: viungo vya plastiki vyenye njia tatu hukaa kwenye pembe, vyenye njia nne hukaa katikati, na mabomba hutofautishwa kwa urefu.

Hapo kwenye viungo ndipo uhai wa kabati ulipo, na ndipo watu wengi huuharibu siku ya kwanza kwa kugonga na nyundo. Kiungo kinapaswa kusukumwa kwa kiganja na kumaliziwa kwa kisigino cha kandambili. Ukishamaliza, kitazame mdomoni kwenye mwanga: ukiona mstari mweupe mwembamba ukizunguka mahali bomba linapoingia, plastiki imeshaanza kupasuka kwa ndani, na kiungo hicho kitakatika siku utakayotundika makoti. Kati ya viungo vya kabati langu viwili vilikuwa na mstari huo tangu mwanzo, nami nilivihamishia safu ya juu kabisa, ambako hakuna mzigo. Ni dawa ya muda, lakini imeshikilia.

Kitambaa chake ni kile kisichofumwa, nyuzi za polipropilini zilizogandamizwa kwa joto, na msomaji wa Tanzania anakijua vizuri kwa sababu ndicho kilichotengenezewa mifuko mbadala baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Juni 1, 2019. Aliyewahi kubeba viazi kwa mfuko huo anajua tabia yake: ni imara unapouvuta taratibu, lakini ukishatoboka hauna mfumo wa nyuzi wa kulizuia tundu lisikue. Anajua pia kwamba ukiachwa juani miezi kadhaa huanza kumeguka kama ganda la kitunguu. Kwa hiyo kabati hili lisiwekwe mkabala na dirisha linalopigwa na jua la mchana, hata kama hapo ndipo penye nafasi. Kitambaa huvuliwa na kufuliwa kwa mkono kwa sabuni ya unga bila shida, ila pasi isikikaribie kabisa, maana polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi, na pasi iliyowekwa kwa ajili ya pamba huzidi hapo.

Sasa zipu. Zimeshonwa moja kwa moja juu ya kitambaa hicho chepesi bila utepe wa kuziimarisha, na kila moja hupanda wima kisha ikakata kona kuelekea juu ya mlango. Kwenye kona hiyo kichwa cha zipu hukwama, mtu huvuta kwa nguvu, meno hupanuka, na kuanzia hapo zipu hufunga nyuma ya kichwa na kuachia tena yenyewe. Kupaka mshumaa au kipande cha sabuni kavu kwenye meno husaidia kwa wiki chache. Lakini hata zipu nzima isiyo na kasoro ingebaki kuwa na tatizo la msingi: huwezi kuifungua kwa mkono mmoja, kwa kuwa kitambaa hufuata kichwa cha zipu badala ya kubaki mahali pake. Mtu mwenye nguo mkononi hulazimika kuiweka chini ili afungue kabati, na nguo ikishawekwa chini, pale chini ndipo inapolala.

Suluhisho nililolipata halikuwa ghali, na ndilo lililogeuza kifaa hiki kikawa pambo la chumba badala ya kuwa kero yake. Kipande cha mbele chenye zipu nilikikata kwa mkasi kando ya mshono, kisha nikanunua kitenge cha yadi 4 na kumpelekea fundi cherehani akigawe vipande viwili vya yadi 2 kila kimoja, apinde ukingo wa juu kwa kuacha njia ya kupitishia waya wa pazia. Yadi 2 ni sentimeta 183, urefu unaotosha kabati la kimo cha sentimeta 170 pamoja na pindo, na vipande viwili kwa pamoja hutoa upana unaoacha mikunjo mizuri. Kanga haifai kwa kazi hii, kwa sababu ikitundikwa kwa upande wake mrefu wa sentimeta 150 hivi haifiki chini. Sasa kabati hufunguliwa kwa kusukuma pazia na kiwiko, na wageni huuliza limenunuliwa wapi, jambo ambalo halikutokea lilipokuwa na picha ya mnara wa Paris na maua ya waridi. (Kwa nini watengenezaji wanaamini kwamba kila chumba cha kulala Afrika Mashariki kinahitaji mnara wa Paris ni swali ambalo sijapata wa kunijibu.)

Kuhusu uzito, mnunuzi asidanganywe na ukubwa. Fimbo ya kutundikia inabeba mashati, magauni, sare na suruali nyepesi bila manung'uniko. Inaanza kupinda katikati unapoongeza suti, suruali nyingi za jinzi kwa pamoja, au abaya nzito za sherehe. Rafu za kitambaa hubonyea mapema zaidi, na adui zake wakubwa ni doti za vitenge zilizorundikwa na mablanketi. Vipande vya plaiwudi vilivyokatwa kwa kipimo cha rafu, ambavyo muuza mbao hukukatia papo hapo, huondoa tatizo hilo. Mablanketi yawekwe chini kabisa, ambako pia husaidia kulituliza kabati lisiyumbe mtoto anapolivuta. Kwenye sakafu ya saruji isiyo sawa kuyumba huko ni kukubwa kuliko dukani, na kipande cha raba kilichokatwa kwenye ndara kuukuu na kuwekwa chini ya mguu mmoja hutosha kulisawazisha.

Swali ambalo kila mtu huuliza ni kwa nini nisiagize kabati la mbao kwa mafundi seremala wa Keko. Jibu langu ni kwamba mwenye nyumba yake na aagize, wala asisite. Kabati la mninga au mkongo lililotengenezwa vizuri hurithiwa, mchwa hawalipendi, na mtiki wa mashamba ya Longuza na Mtibwa ni chaguo zuri kwa anayetaka kupunguza gharama bila kuhofia wadudu. Lakini linaweza kuzidi Sh milioni moja, na halipendi kuhamishwa: mpangaji anayelipa kodi ya miezi sita na asiyejua kama mkataba utaendelea huliona kabati hilo kama mtu wa familia ambaye lazima apatiwe chumba kwanza ndipo wengine wafuate. Fundi niliyewahi kumwagizia meza aliniambia wiki mbili, nazo zikawa wiki mbili za kila mara nilipompigia simu. Kati ya kabati la kitambaa na lile la MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) linalong'aa kwenye maduka ya fanicha, nachagua la kitambaa bila kufikiri, kwa sababu nyumba zetu hupigwa deki kwa maji, na miguu ya MDF ikishaonja maji hayo mara kadhaa huvimba, ikapasuka rangi, na milango ikaacha kukutana.

Unyevu wa pwani unahitaji kuzungumzwa kwa kirefu, kwa maana ndio unaoamua kama nguo zitatoka kabatini zikiwa zinavalika. Kati ya Machi na Mei, nguo iliyofungiwa mahali pasipo na hewa hupata koga na harufu ya uvundo hata kama ilianikwa vizuri. Hapa kitambaa kisichofumwa kina fadhila ya kweli: hupitisha hewa. Kabati liachwe umbali wa shubiri moja kutoka ukutani, hasa ukuta wa nje au unaopakana na bafu, na nguo za ngozi zisikae ndani yake kabisa. Pazia la kitenge limeongeza hewa zaidi, na mwaka huu sikuona koga kwenye kola kama nilivyozoea kuona kwenye kabati la mbao la nyumba niliyokuwa nikikaa awali.

Jambo moja la hatari: vile vidonge vyeupe vya nafthalini ambavyo wengi hutupia kabatini kufukuza mende na nondo. Kwa mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi iliyo ya kawaida katika maeneo yenye historia ndefu ya malaria kama yetu, nafthalini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu, na watoto wachanga waliovalishwa nguo zilizohifadhiwa na vidonge hivyo wamewahi kudhurika. Nyumba yenye mtoto mdogo itumie vifuko vya karafuu kavu, hata kama nguvu yake ni ndogo, na ifagie chini ya kabati mara kwa mara. Miguu mirefu ya kabati hili inauruhusu ufagio kupita, sifa ambayo makabati mengi ya mbao hayana. Panya ni habari nyingine. Kitambaa hakimzuii panya hata kidogo, na nyumba yenye panya isinunue kabati hili hadi imalizane nao.

Kwenye masanduku ya plastiki yenye vifuniko sitakaa sana. Yanauzwa kila mahali, yanapangika moja juu ya jingine, yanaonyesha kilichomo, na yanafaa kwa vitu vinavyoguswa mara moja au mbili kwa mwaka: vyandarua vya akiba, nguo za baridi za safari ya Mbeya au Arusha, vyeti, vyombo vya wageni. Kwa vitu vya kila siku hayafai, kwa maana cha kutafutwa huwa kwenye sanduku la chini kila mara. Nguo ikiingizwa humo ikiwa na chembe ya unyevu, kifuniko huufungia ndani.

Vikapu vya Iringa ndivyo vilivyonishangaza. Nilivinunua kwa ajili ya mapambo, vikubwa viwili na vidogo vitatu, nikitegemea kwamba vitakaa pembeni mwa sebule na kusifiwa. Hufumwa kwa milulu, majani yanayoota sehemu za majimaji, na wafumaji wake wengi ni wanawake wa vijiji vya mkoa huo. Ufumaji wake umebana kiasi kwamba kikapu husimama wima kikiwa kitupu, tofauti na kikapu cha ukindu cha sokoni ambacho huhitaji mzigo ndipo kipate umbo. Kusimama huku ndiko kunakokifanya kiwe chombo cha kupanga nyumba. Kikubwa kimoja kiko mlangoni na hupokea mikoba, mwavuli, chaja na begi la shule. Kingine kiko karibu na kitanda na kimekitoa kazini kile kiti cha plastiki, kwa kupokea nguo zile ambazo hazijachafuka za kufuliwa wala hazikubaliki kurudi kabatini. Jumapili jioni kikapu humiminwa chote kitandani na hukumu ikatolewa nguo kwa nguo. Vidogo vinakaa mezani na kushika funguo, risiti, dawa za kila siku na vile vitu visivyo na jina ambavyo kila nyumba inavyo.

Tofauti yake na sanduku la plastiki ni kwamba unaweza kurusha kitu ukiwa mbali na kikaingia. Hilo linaweza kuonekana dogo, lakini kwa mtoto wa miaka saba ndilo linaloamua kama kitu kitapangwa au hakitapangwa. Pia kikapu kilichojaa ovyo hupendeza kwa namna ambayo sanduku la plastiki lililojaa ovyo haliwezi, kwa sababu jicho husimama kwenye mfumo wa kikapu na mistari yake ya kahawia, halishuki hadi kwenye fujo iliyomo. Kasoro zake ni vumbi, ambalo huingia katikati ya mifumo na kuhitaji brashi laini, na koga wakati wa masika kikiwekwa sakafuni moja kwa moja kwenye kona yenye unyevu. Kifutwe kwa kitambaa chenye maji kidogo na kukaushwa kivulini. Bei yake Dar es Salaam hutegemea zaidi anayeuza kuliko kikapu chenyewe: kwenye maduka yanayowalenga watalii utalipa hata maradufu kwa kazi ile ile.

Wala wazo la kuweka vitu wazi ili vipendeze na vifikiwe kwa urahisi si geni kwetu. Nyumba za mawe za Lamu, nyingi zikiwa za karne ya 18, zina zidaka, vishubaka vilivyochongwa kwenye lipu ya kuta za vyumba vya ndani safu juu ya safu, ambamo ziliwekwa sahani za kauri kutoka China na vitu vingine vya thamani. Pambo na ghala vilikuwa ukuta mmoja. Mpangaji wa leo, ambaye mwenye nyumba amemkataza kupiga msumari, hawezi kuchonga kidaka, lakini anaweza kupanga vikapu juu ya rafu ya kusimama na kupata manufaa yale yale: kuona, kuchukua na kurudisha bila kufungua chochote.

Nani basi anunue? Kabati la kitambaa linamfaa mpangaji, mwanafunzi wa chuo, na wanandoa wapya ambao bado hawajui watakaa wapi. Halimfai mwenye panya, mwenye nguo nzito nyingi, wala anayehama kila mwaka, kwa kuwa viungo hulegea kila vinapofunguliwa na kufungwa upya, na baada ya kuhama mara mbili au tatu mabomba huanza kuchomoka yenyewe. Bajeti iongezewe gharama ya kitenge, fundi na plaiwudi, ambazo kwa pamoja hazikufika nusu ya bei ya kabati langu. Mwenye fedha ya kitu kimoja tu mwezi huu, na ambaye nguo zake angalau zina pa kutundikwa, aanze na kikapu kikubwa kimoja na ndoano za kuning'inia juu ya mlango, zile zisizohitaji msumari.

Kabla ya kulipa, omba boksi lifunguliwe hapo hapo dukani. Hesabu viungo na ulinganishe na mchoro, pima unene wa bomba kwa kulibonyeza katikati kwa vidole gumba viwili, na uombe viungo vitatu au vinne vya akiba. Wauzaji wengi wanavyo kutoka kwenye makabati yaliyoharibika njiani, na hutoa bure ukiomba kabla pesa haijabadilisha mikono. Baada ya hapo risiti itakukumbusha kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Ukikataliwa kufungua boksi, duka la jirani lina makabati yale yale.